Sauti Isiyosomeka: Uhakiki wa Albamu Huru za Tanzania kwa Sikio la Mohoro

Uhakiki wa nyimbo katika tasnifu za Kiswahili umejengeka juu ya mazoea ambayo hayajahojiwa vya kutosha: wimbo hunakiliwa kwanza kwenye karatasi, kisha karatasi ndiyo inayohakikiwa. Mtafiti husikiliza, huandika maneno, hugawa beti, halafu huanza kutafuta dhamira, tamathali za usemi, takriri na taswira. Ala, kasi, ubora wa kurekodi, mpangilio wa nyimbo ndani ya albamu na kifaa ambacho hadhira ilitumia kusikilizia hutajwa, vikitajwa, katika aya moja ya usuli. Wakosoaji wa magazeti na majarida ya Ulaya na Marekani, ambao kazi yao ni kupima albamu mpya za roki huru na za muziki mbadala, wana mazoea yaliyo kinyume. Wao husikia kila kitu isipokuwa maneno. Albamu za Tanzania zilizotolewa na lebo ndogo za nje tangu mwaka 2012 zimeangukia kati ya mazoea haya mawili. Zimesifiwa na watu wasioelewa kinachosemwa ndani yake, na kupitwa kimya na watu wanaoelewa.

Uhakiki huu unashughulikia albamu tatu: Bongo Hotheads ya Jagwa Music (2012), Sounds of Sisso (2017) ya wasanii wa singeli wa Dar es Salaam, na Maisha ya The Zawose Queens (2024). Hoja inayotetewa ni kwamba katika muziki huu namna ujumbe unavyosafiri ni sehemu ya ujumbe wenyewe. Mhakiki anayeshika neno na kuacha sauti, au anayeshika sauti na kuacha neno, hatoi nusu ya hukumu. Hutoa hukumu potofu.

Kwa nini Mohoro

Mohoro, ambayo baadhi ya maandishi huiita Muhoro, iko kusini mwa mto Rufiji, pembezoni mwa delta, katika Mkoa wa Pwani. Inatumika hapa kama mahali pa kumsimamisha msikilizaji, wala haidaiwi kuwa sampuli ya utafiti wa uwandani. Sababu ya kuichagua ni umbali wake. Msikilizaji wa Mohoro anakielewa Kiswahili cha singeli, na barabara ya Kilwa inamuunganisha na Mbagala na Temeke, lakini hakuwapo Mburahati usiku wimbo ulipopigwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, chochote kilichotoka Dar es Salaam kwa barabara, kaseti zikiwamo, kilivuka mto kwa kivuko cha Ndundu. Msikilizaji huyu amepokea muziki wa mjini ukiwa umetengwa na tukio lake, kama anavyoupokea mkosoaji wa London. Tofauti ni kwamba yeye anaelewa anachoambiwa. Anasimama mahali ambapo makosa ya pande zote mbili yanaonekana.

Ipo sababu ya pili, nayo ni ya kihistoria. Mohoro ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuanza. Katika uhakiki wa Kiswahili tukio hilo hukumbukwa zaidi kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), na mjadala kuhusu tamthilia hiyo umekuwa, kwa haki kabisa, mjadala juu ya nguvu ya neno. Lakini masimulizi yaliyokusanywa na Gilbert Gwassa yanaonesha jambo ambalo mjadala huo haukulipa uzito: habari za maji zilienea Umatumbi na Rufiji kwa mnong'ono ulioitwa njwiywila, mtu kwa mtu, kila mmoja akiambiwa kama mtu aliyeaminiwa. Maneno yaleyale yakitangazwa kwa mbiu yangekuwa jambo jingine, na yangefika kwa akida kabla ya kufika kwa mkulima. Kunong'onezwa kulikuwa sehemu ya maana yake. Mhakiki anayetoka katika historia hii hahitaji nadharia ya kuazima ili akubali kwamba sauti huamua kinachosemwa.

Huru kwa nani

Neno "huru" linapotumika kwa albamu lina historia yake Ulaya na Marekani. Lilianza kama jina la lebo ndogo zilizojitenga na makampuni makubwa ya santuri, kisha likageuka kuwa jina la ladha: gitaa lisilosafishwa, sauti isiyonyooshwa, kurekodi kwa gharama ndogo. Likihamishiwa Tanzania bila uangalifu, linapotosha. Kwa miongo kadhaa baada ya Uhuru bendi kubwa zilikuwa mali ya taasisi, ambapo NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi ndiyo mfano unaojulikana zaidi, na mahali pa kurekodia palikuwa studio ya Radio Tanzania. Kutokuwa na mwajiri hakukuwa msimamo wa kisanaa wala sifa. Kulikuwa upungufu.

Roki yenyewe ilionja ugumu huo. Mwishoni mwa mwaka 1969, mwaka uleule wa tamthilia ya Hussein, serikali ya Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulijumuisha Dar es Salaam, ilipiga marufuku muziki wa soul katika madansi ya vijana. Mwaka uliofuata ilizaliwa Dar es Salaam bendi ya Sunburst, iliyochanganya gitaa la roki na mapigo ya kwao, ikaimba kwa Kiswahili na Kiingereza. Albamu yao, Ave Africa, ilirekodiwa Zambia mwaka 1976, na miaka ipatayo arobaini baadaye lebo ya Strut ya London ikazikusanya rekodi zao na kuzitoa upya. Toleo hilo limehifadhi rekodi zilizokuwa adimu kupatikana, na kwa hilo linastahili shukrani. Hata hivyo, linasikilizwa leo kama kitu kilichofukuliwa. Msikilizaji hupewa furaha ya mvumbuzi kabla hajapewa wimbo. Swali ambalo hadhira ya Dar es Salaam ingeliuliza mwaka 1973, yaani kama bendi hii inachezeka, halionekani kumhusu mnunuzi wa santuri ya kumbukumbu. Ndilo swali linalopaswa kurudishwa katika uhakiki wa albamu tatu zinazofuata.

Jagwa Music na mpasho usio na wa kuupokea

Mchiriku ulikua katika mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam kutokana na ngoma za Wazaramo. Vyombo vyake vinajulikana: kinanda kidogo cha Casio kinachopitishwa katika vikuza sauti vikuukuu mpaka sauti ikwaruze, ngoma za ukubwa tofauti, na kigoda kinachopigwa kwa vijiti. Jagwa Music, wakiongozwa kwa sauti na Jackson Kazimoto, walirekodi Bongo Hotheads kwa ajili ya Crammed Discs ya Brussels, lebo ambayo tayari ilikuwa imewatambulisha Konono N°1 wa Kinshasa kwa hadhira ya roki huru mwaka 2004. Njia ilikuwa imeshalimwa. Wakosoaji walioipokea albamu walikuwa na neno mkononi: panki.

Ulinganisho huo una ukweli fulani. Kasi ipo, vifaa hafifu vipo, na dharau ya watu wa tabaka la kati dhidi ya wapigaji, walioitwa wahuni, ipo pia. Lakini panki ya London ilikwaruza kwa kukusudia. Ilikuwa kejeli dhidi ya ufundi wa wapiga gitaa waliotangulia. Mkwaruzo wa mchiriku ulianza kama bei. Kinanda kilikuwa kidogo kwa sababu ndicho kilichomudika, na mpigaji alifanya juu ya vitufe vile vyembamba yale ambayo angeyafanya juu ya kinanda kikubwa kama angekuwa nacho. Vipande vya kinanda katika Bongo Hotheads ni vya fundi anayejionesha, mwenye vidole vyepesi na mapambo mengi. Baadaye hadhira ikauzoea mkwaruzo, ikaupenda, na sasa kinanda safi kingesikika kama kosa. Safari hiyo, kutoka upungufu hadi ladha, ndiyo habari ya kisanaa ya mchiriku. Neno "panki" linaifuta kwa kuifanya iwe uasi tangu siku ya kwanza.

Kama rekodi, albamu hii ndiyo bora kati ya tatu zinazohakikiwa hapa. Ngoma zimesikika kila moja mahali pake bila kinanda kupoteza ukali, na sauti ya Kazimoto imeachwa mbele, ikiwa na ukavu wa mtu anayezungumza na watu walio karibu. Pungufu lake ni la aina ambayo studio haiwezi kulitibu. Maudhui ya nyimbo ni ya maisha ya mtaa: wapenzi wasio waaminifu, madeni, ushirikina, mbinu za kuvuka siku. Katika sherehe, mambo hayo yana wenyewe. Mstari kuhusu mdaiwa unakuwa mpasho pale tu mtu fulani uwanjani anapoinuka kumtunza mwimbaji, au anapoinuka kuondoka. Kama katika taarabu, maana hukamilika kwa mpokeaji. Anayetunza hutangaza kwamba mstari ni wake, na jirani yake hujua umemlenga nani. Kwenye albamu hakuna anayeinuka. Mstari uleule hugeuka kuwa maoni ya jumla juu ya jamii.

Hapa ndipo tasnifu na gazeti vinapokutana bila kujua. Mtafiti anayeandika kwamba wimbo una "dhamira ya umaskini na usaliti" na mkosoaji anayeandika kwamba bendi "inaimba uhalisia wa mitaa ya Dar es Salaam" wameyachukua maneno yaliyorushwa kwa mtu na kuyafanya hotuba. Msikilizaji wa Mohoro naye hajui nani alilengwa, lakini anajua kwamba kuna aliyelengwa. Ujuzi huo mdogo unabadilisha usikilizaji mzima. Anasikia mwimbaji anaponyamaza kidogo baada ya mstari, akiacha nafasi ambayo hakuna anayeijaza.

Kasi ya singeli na hesabu ya silabi

Sounds of Sisso ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017. Ni mkusanyo wa kazi zilizotengenezwa katika studio ya Sisso, Mburahati, na ndiyo iliyoifikisha singeli kwa wakosoaji wa nje. Albamu za Bamba Pana, Jay Mitta na Duke zikafuata katika miaka miwili. Nyumbani singeli haikuwasubiri. Msaga Sumu na Man Fongo walikuwa wameshaimbwa na watoto wa shule, na redio za Dar es Salaam zilikuwa zimeshaanza kuipiga. Karibu kila maelezo ya nje yalianza na tarakimu: mapigo 200 kwa dakika, 250, hata 300. Kisha ukaja ulinganisho na muziki wa kasi wa madisko ya Rotterdam.

Tarakimu hizo ni sahihi kwa ala. Kwa sauti ya mwimbaji zinahitaji hesabu, na hesabu hiyo ni rahisi kiasi kwamba inashangaza kuwa haifanywi. Kwa kasi ya mapigo 200 kwa dakika, pigo moja huchukua sekunde 0.3. Mchanaji akitamka silabi mbili kwa kila pigo, atatamka silabi kama saba kwa sekunde, kasi ya mtu anayezungumza kwa haraka. Akijaribu silabi nne, atahitaji zaidi ya 13 kwa sekunde, na hapo ulimi wa binadamu hauwezi kuwa na matamshi yanayosikika. Kasi ikipanda hadi 300, hata silabi mbili kwa pigo ni kumi kwa sekunde, nazo haziwezi kudumishwa kwa wimbo mzima. Kwa hiyo mchanaji wa singeli hakimbii pamoja na ngoma. Huchagua pigo moja kati ya mawili, hutembea juu yake, na kuiacha ngoma ikimbie chini ya miguu yake. Furaha ya singeli inatoka katika pengo hilo kati ya sauti inayosema kwa mwendo wa mazungumzo na ala zinazowaka.

Kiswahili kinalisaidia pengo hili kuliko inavyodhaniwa. Silabi zake nyingi ni wazi, zinaishia kwa irabu, na urefu wake unakaribiana. Mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho bila kuhamahama. Mchanaji anaweza kutabiri pigo zito litaangukia wapi hata kabla hajafika mwisho wa neno. Mstari wa shairi la mizani 16, ukitamkwa silabi mbili kwa pigo katika kasi ya 200, huchukua sekunde 2.4, ukitamkwa silabi moja kwa pigo, sekunde 4.8. Vipimo vyote viwili viko ndani ya pumzi moja. Haidaiwi hapa kwamba wachanaji wa Mburahati wanafuata arudhi, kwa kuwa wengi wao hawahesabu mizani wala hawajali vina vya kati. Kinachodaiwa ni kwamba umbo la lugha linawabeba, na kwamba mtafiti mwenye ujuzi wa arudhi ana chombo cha kuielezea singeli ambacho mkosoaji wa madisko hana. Hajakitumia kwa sababu ameambiwa kazi yake ni maudhui.

Na maudhui, yakinakiliwa peke yake, yanaonekana membamba: majigambo, masimango, pesa, polisi, mwanamke aliyeondoka. Mtahini anayesoma nukuu hizo kwenye ukurasa atauliza, kwa haki, kuna fasihi gani hapa. Jibu halipo kwenye ukurasa. Mtu anayelalamika kwa mwendo wa kawaida juu ya ngoma isiyomsubiri anasema jambo kuhusu wakati, na kuhusu nafasi yake katika mji ule, ambalo maneno yake hayalitaji kabisa.

Albamu ina udhaifu. Mkusanyo ni mrefu kuliko mawazo yaliyomo. Baadhi ya nyimbo zimebadilishana mdundo kiasi kwamba kinachozitofautisha ni sauti ya mchanaji tu, na kwa msikilizaji asiyejua lugha hata hiyo ni tofauti ndogo. Ipo pia tofauti ya kifaa. Hukumu nyingi za nje zilitolewa kwa msingi wa spika kubwa za klabu, ambako singeli husikika kama shambulio. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito za chini, na muziki uliotegemea besi hufia humo. Singeli haifi. Ala zake nyingi ziko katikati na juu ya masafa ya sauti, pamoja na vipande vya taarabu vilivyoharakishwa hadi vikalia kama filimbi. Huenda huu ni urithi wa spika zilizopasuka za mchiriku. Kwa vyovyote vile, mtu aliyeketi Mohoro na simu yake anasikia sehemu kubwa ya kilichokusudiwa, na hana sababu ya kudhani kwamba amepewa nakala duni.

Maisha, na mgeni kutoka Mohoro

Mpaka hapa msikilizaji wa Mohoro amekuwa na faida. Albamu ya tatu inamnyang'anya. Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe Zawose aliyefariki mwaka 2003, walirekodi Maisha Bagamoyo, katika mkoa uleule wa Pwani, na Real World Records ya Uingereza ikaitoa mwaka 2024. Jina la albamu ni la Kiswahili, lakini msingi wa nyimbo ni Cigogo. Familia ya Zawose iliuhamishia muziki wa Dodoma pwani, na msikilizaji wa Rufiji anausikia kama anavyousikia mtu wa Bristol: sauti za kike zinazopandana, ilimba, chizeze, ngoma ya muheme, na maana iliyofungwa.

Wakosoaji wa nje walisisitiza, ipasavyo, kwamba wanawake waliokuwa nyuma kama waitikiaji na wachezaji sasa wako mbele. Watayarishaji wameongeza vipande vya elektroniki kwa kiasi, na mara nyingi kiasi hicho kinatosha. Penye tatizo ni pale elektroniki inapojaza ukimya kati ya miito. Katika uimbaji wa Wagogo, mwitikio wa kundi huja juu ya mwisho wa mwito, na mshono huo ndio unaomfanya msikilizaji asijue sauti moja imeishia wapi. Sauti ya mashine ikikaa hapohapo, mshono unaonekana.

Kwa uhakiki wa Kiswahili, Maisha ina funzo gumu kulipokea: uzawa si sikio. Tasnifu inayoidai albamu hii kwa sababu ni ya Kitanzania, kisha ikaihakiki kwa tafsiri ya Kiswahili ya maneno yake, itakuwa imefanya lilelile ambalo mkosoaji wa Ulaya analaumiwa kulifanya kwa singeli. Mtafiti wa Kiswahili anayetaka kuandika juu yake itabidi ajifunze Cigogo au akubali kuandika juu ya sauti tu, na aseme wazi ni lipi kati ya hayo amelifanya.

Mwaka huohuo wa 2024 Sisso na Maiko walitoa Singeli Ya Maajabu, albamu iliyojengwa zaidi juu ya kinanda na mashine, mchanaji akiwa ameondoka mbele. Hakuna beti za kunakili. Mbinu ya tasnifu za nyimbo, jinsi ilivyo sasa, haina pa kuanzia katika albamu hiyo, ingawa kila kitu ndani yake, kuanzia taarabu iliyoharakishwa hadi mkwaruzo wa kinanda cha mchiriku, kinatoka katika fani ambazo idara za Kiswahili zimefundisha kwa miongo kadhaa.